Saa Mbili ya Seva

Seva yetu ilikaa chini ya meza ya kukatia ngozi, ndani ya kizimba cha mbao alichokiunda shangazi mwenyewe ili vumbi la soli lisiingie. Ilikuwa imezeeka vibaya. Ilinguruma kutwa nzima na kutoa joto, na siku za kaskazi ukiketi karibu nayo miguu ilikutoka jasho. Mimi nilitaka inunuliwe nyingine. Shangazi alitaka cherehani ya kushonea ngozi, na fedha zilizokuwapo zilitosha kitu kimoja tu.

Karakana iko Bombolulu, chumba cha kupanga chenye mlango wa bati. Shangazi, dada yake baba, hushona viatu vya watu ambao viatu vya dukani haviwaingii: mguu mmoja mfupi, vidole vilivyokatika, nyayo zilizogeukia ndani tangu kuzaliwa. Mimi napokea wateja na kukaa kwenye kompyuta. Sijawahi kumsikia akisema mguu wa mtu ni mbovu. Huushika kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu, kisha akasema, "Huu una maoni yake." Mtu aliyeingia akiuficha mguu wake nyuma ya mwenzake hujikuta anacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kwa wiki nzima sina subira anayoimaliza yeye kwa mteja mmoja. Nampenda kwa hilo, ingawa kumwambia usoni ni kujitafutia kazi ya ziada.

Zamani alimimina plasta na kutunza kalibu ya kila mguu katika chumba cha pili. Mwenye nyumba alipokitaka chumba chake, tulikuwa tumeshapata kifaa cha kupiga picha mguu pande zote, na picha na vipimo vyote vikaingia kwenye seva. Kalibu zikapakiwa kwenye mkokoteni, zikaishia jaa la Mwakirunge. Tangu siku hiyo miguu ya wateja wetu wote ilikuwa mle kizimbani.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni binti mmoja mdogo wa Mishomoroni. Kila mwaka mama yake humleta, na kila mwaka shangazi hufungua picha ya mwaka uliopita, akailinganisha na mguu ulio mbele yake, akajua unyooke wapi na usukumwe kidogo wapi. Mtoto huyo alianza kwa kubebwa. Sasa huingia mwenyewe na kutuamkia, "Shikamooni," kwa sauti ya mtu mwenye haraka zake.

"Seva ikifa," nikamwambia shangazi, "tutamfanyaje yule mtoto?"

"Ikifa ipo nakala."

Nakala hiyo ndiyo ilikuwa jeuri yake. Pembeni ya seva palikuwa na diski ndogo ya akiba yenye kitaa cha kijani. Fundi aliyetufungia, ambaye baadaye alihamia Nairobi, alituambia kwamba kila siku, saa mbili usiku, seva ingejinakili yenyewe humo. Basi shangazi akawa hafungi mpaka saa mbili ipite. Alikuwa na desturi ya kuzima swichi kubwa kabla ya kuondoka, kwa kuwa duka la jirani liliwahi kuungua kwa hitilafu ya stima, na hakukubali waya wowote ulale na moto. Kwa hiyo alikaa akishona, mguu wa kulia juu ya kigoda, akikiangalia kitaa kikipepesa. Mteja akitokea, alimpima. Mazoezi ya kwaya kanisani yalikuwa jioni, akaiacha kwaya. Na shangazi kuacha kuimba ni jambo, maana ukimkanyaga kidole atakulalamikia kwa wimbo.

Nilimchosha hadi akakubali seva ikaguliwe, tujue kama inahitaji kubadilishwa. Akaja fundi mwingine, kijana wa bara anayehudumia ofisi za Changamwe.

"Hii kitu imechoka, mathe," akasema kabla hata ya kuketi.

"Mathe ndiye nani? Mimi ni shangazi. Karibu kiti kwanza."

Akaketi akiwa mpole. Akafungua hiki, akafungua kile, akaichomoa diski ya akiba na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Akaichomoa, akaichomeka tena.

"Shangazi, hii ni tupu."

"Tupu vipi?"

"Haijawahi kuingia kitu. Seva imepangwa ijinakili saa nane usiku, na hiyo saa nyinyi mshazima stima."

"Niliambiwa saa mbili."

"Alisoma namba tu. Kwa skrini saa nane ya usiku huandikwa mbili."

Shangazi aliweka sindano chini. "Kama ni saa nane, si angesema saa nane? Kwani Kiswahili kilimwishia?"

Nilicheka, kisha nikaona uso wake nikaacha. Kile kitaa kilipepesa kwa sababu kilikuwa kitaa tu, na hakuna aliyewahi kuifungua diski, si yeye si mimi. "Kwaya niliiacha kwa ajili ya hii," akasema polepole. Niliumia kwa niaba yake, nikataka nimpate yule fundi wa kwanza nimfundishe saa.

Kijana akatueleza hali ilivyo. Seva mpya haikuwa na mjadala tena. Hatari ilikuwa katika kuhamisha: diski ya ndani ilikuwa dhaifu, na kazi ya kunakili vyote kwenye kompyuta yake ingeweza kuiua katikati. Akashauri tuanze na wateja wanaoleta fedha, kama kampuni moja aliyoiona humo ikiagiza viatu vya wafanyakazi wake. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Niliona ni akili.

"Anza na watoto," shangazi akasema.

"Lakini shangazi, kampuni..."

"Mtu mzima nitampima upya. Mtoto nitampimaje mguu wa mwaka jana?"

Nikaanza kumwonyesha kijana majina ya watoto, mmoja mmoja, na shangazi akasogeza kigoda karibu na kizimba. Hakushona. Adhana ya alasiri ilisikika watoto wakiwa wamekwisha kuhama wote, na yule wa Mishomoroni akiwemo, miguu yake ya kila mwaka mfululizo. Tukaingia kwa watu wazima. Hatukufika mbali. Diski ya ndani ilipiga kelele ya chuma, ikanyamaza, na kijana akajaribu kila alijualo kabla ya kuinua mikono.

Seva mpya ilipofungwa, cherehani ikasubiri. Kijana akauliza tuipange ijinakili saa ngapi, na safari hii alitutazama usoni.

"Saa mbili."

"Mbili ipi, shangazi?"

"Ya usiku, mwanangu. Iko moja tu."

Nikamweleza habari njema niliyokuwa nimemwekea: hii ina betri yake, itajinakili hata swichi kubwa ikiwa imezimwa. Hakuna tena kukaa. Tungeweza kufunga saa kumi na moja kama maduka mengine, naye akarudi kwaya. Nilisema kwa furaha kabisa.

Akaniangalia kama anavyouangalia mguu wenye maoni. "Na bawabu anayetoka zamu saa moja jioni, nani atampima? Seva?"

Hapo ndipo nilipowafikiria wale watu wazima ambao vipimo vyao vilikufa na seva. Wabeba mizigo, wapishi wa mjengo, wachonga mawe wa Mwakirunge, watu wasioweza kuomba ruhusa mchana bila kupoteza kibarua. Karibu wote walikuwa wameingia mlangoni petu gizani, wakimkuta mwanamke anayengoja mashine isiyofanya kitu. Sikujua nimwonee huruma au nimpigie makofi, na machozi yakanilengalenga mbele ya kijana wa watu.

Shangazi alikwisha kuvaa miwani. "Shika simu," akaniambia, "umpigie wa kwanza. Mwambie aje na mguu wake, wetu umepotea."