Friza ya Mama pale Kongowe

Juzi mwanangu wa pili amenifanyia hisani ambayo sikumwomba. Kaja na pikapu mpaka mlangoni, vijana wawili wakashusha boksi kubwa, wakalichana, na ndani mkatoka friza nyeupe, ile ya kulala, yenye mfuniko wa kufunulia juu. Wakaichomeka. Ikakohoa kidogo, kisha ikaanza kunguruma chini kwa chini. Mwanangu akawa ananitazama, anasubiri nifurahi. Nikamwambia ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, halafu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Akadhani presha imenipanda. Sikuwa na presha, rafiki yangu. Nilikuwa nimeikumbuka nyumba yetu ya Kongowe, na habari zile huwezi kumwanzia kijana aliyekuletea zawadi huku jasho linamtoka. Acha nikusimulie wewe.

Kongowe ninayoisema ni hii ya Kibaha, siyo ile ya Dar es Salaam. Enzi hizo ilikuwa mikorosho, mihogo na nyumba za udongo zilizotawanyika kando ya barabara ya Morogoro. Baba alikuwa seremala. Banda lake la makuti lilikuwa ubavuni mwa nyumba, na sisi watoto tulikua na harufu ya mninga uliorandwa, mpaka kwenye nguo za shule. Mama alikuwa akiwafulia nguo walimu wa Kizungu waliofundisha pale Kibaha. Jioni akirudi, mikono imekunjamana kwa sabuni, anakaa kwenye kizingiti cha banda na kuanza kazi yake nyingine, kazi ya kumwomba baba vitu.

Mama alijua kuomba! Aliomba kabati, aliomba khanga, aliomba kupelekwa Maneromango kumwona bibi, aliomba kuku mwekundu tu kwa sababu wa jirani alikuwa mwekundu. Mengi hakuyapata wala hakununa. Baba akiulizwa na wenzake kwa nini anamwachia mke deko lote hilo, alikuwa akicheka na kusema, "Mwacheni aombe. Siku akinyamaza ndiyo nitajua mimi si mwanamume." Walipendana wale watu, na sisi watoto tulijua kwamba tunapendwa kwa sababu wao walipendana kwanza.

Siku moja mama akaja na ombi jipya. Nyumbani kwa mwalimu mmoja ameona sanduku jeupe linalogeuza maji kuwa jiwe. Mwalimu yule anarudi kwao, na sanduku hana pa kulipeleka. Tulidhani baba atacheka kama kawaida yake, lakini aliweka randa chini akauliza, "Huyo mwalimu wako ana samani za kwenda nazo kwao?"

Hivyo ndivyo tulivyoipata. Baba alimtengenezea mwalimu masanduku ya mninga, kitanda na viti vya kukunja, kazi ya miezi, akifanya baada ya kumaliza kazi za watu wengine. Mwalimu alipopitisha mkono juu ya mbao zile alitikisa kichwa kwa furaha. Wakapeana mikono pale pale bandani, na mali zikabadili wenyewe. Haikuandikwa karatasi yoyote. Nani angeandika, na ya nini?

Umeme upande wetu alikuwa nao mtu mmoja tu, jirani mwenye mashine ya kusaga. Baba akamchongea milango, naye akamruhusu avute waya kutoka kwake. Mashine ikianza kusaga, friza inapungukiwa pumzi, inatetemeka, inakaribia kuzimika. Mama alikuwa akiiwekea mkono juu na kuiambia, "Vumilia, wanamaliza sasa hivi." Aliivalisha kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye maua ya buluu pembeni, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuegemea.

Rafiki yangu, nikisema tulikula raha, usidhani ni raha ya kitajiri. Sukari tulikuwa tunaipangia foleni kwenye duka la kijiji, na mara nyingi tulirudi na kikapu kitupu. Mama aliloweka ukwaju, akaukamua, akaumimina kwenye vikombe vya bati, akachomeka kijiti cha chelewa katikati. Kesho yake tunachovya kikombe kwenye maji, barafu inachomoka na kijiti chake. Ilikuwa chachu mpaka macho yanafumba yenyewe. Tulikuwa tunailamba tumeegemea ukuta wa nyuma, midomo imekufa ganzi, tunaongea kama walevi na kuchekana. Mpaka leo sijala kitu kitamu kuliko ile barafu isiyo na sukari.

Haikukaa muda ikawa friza ya watu wote. Wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wanasuka mikeka, kila mmoja na rangi anayoipenda katika ukindu wake. Basi mtu akipata samaki au nyama ya sadaka anaifungasha, anaifunga kwa ukindu wa rangi yake, anampa mama. Kijani ilikuwa ya mke wa mwenye mashine, zambarau ya mjane wa nyumba ya kona, nyekundu ya mwalimu wetu wa madrasa, ambaye mkewe alikuwa msusi hodari kuliko wote. Ukifunua mfuniko unakutana na rangi hizo zimekaa pamoja kwenye ukungu wa baridi. Hakuna aliyewahi kuchukua cha mwenzake. Mtoto akichemka homa, watu wanabisha hodi wanaomba barafu ya kumkanda. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Jua likikaribia kuzama tunatumwa nyumba hadi nyumba na mabakuli yaliyofunikwa kawa, kila nyumba ipate maji baridi ya kufuturia, na tukirudi bakuli halirudi tupu.

Asiyeikubali alikuwa bibi peke yake, mama yake baba. Alipokuja kutoka Maneromango akapewa mchuzi wa nyama iliyokaa frizani, aliiangalia akasogeza sahani. "Mimi mnyama akishachinjwa namla. Huyu mmemchinja, mkamzika, leo mmemfukua." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku hizo hizo bibi alikuwa akipita karibu na friza na kuufunua mfuniko kidogo, anaweka uso wake pale kwenye baridi, anafumba macho. Tulimwona sana, na tulimwachia siri yake.

Halafu ikaja miaka ya msako. Wewe kama ni mkubwa unaikumbuka. Maduka hayana kitu, sabuni hakuna, na redio kila siku inasema walanguzi na wahujumu uchumi wameficha mali. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikuwa balozi wa moyoni. Aliamini kila neno. Akaitwa mkutanoni, akarudi, akaitisha watu wa nyumba zake pale pale uani kwetu na kuwapa ujumbe aliopewa: kila mwenye mali ajiandae kueleza ameipataje. Alisema kwa sauti nzima, mkono umenyooka. Katikati ya maneno nikaona macho ya watu yanamhama. Yalikuwa yanatazama mlango wa chumba chetu cha mbele, mahali ilipokuwa friza. Na baba naye akageuka akatazama huko. Sentensi yake ya mwisho hakuimaliza.

Kuanzia siku hiyo sikumjua tena baba yangu. Zilikuja habari kwamba kule Mlandizi mtu amechukuliwa na gari kwa sababu ya majora ya vitambaa. Chakula kikawa hakimpiti. Kila gari likipunguza mwendo barabarani, anasimama.

Majirani wakaanza kuja kuchukua vyao. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote, nakwambia kweli. Walikuja mmoja mmoja, hata kukaa hawakai. Wanafunua mfuniko, wanatafuta ukindu wao, wanatoka na furushi limefichwa ndani ya khanga. Mjane wa nyumba ya kona, aliyekuwa hapiti bila kumtania mama, siku ile alisema shikamoo kwa bibi, ambaye siku hizo alikuwa kwetu, na kutazama chini. Mwishoni akaja mwenye mashine mwenyewe. "Balozi, unisamehe. Na mimi nina watoto." Akauchomoa waya, akauviringa mkononi, akaondoka nao. Friza ikanyamaza. Maji yakaanza kuchuruzika sakafuni, na mama akawa anayakinga kwa vile vikombe vya ukwaju.

"Baba watoto," alisema mama, "hebu tutulie. Anayeficha ndiye anayetiliwa shaka. Tuiache hapa hapa. Akija mtu tumweleze. Yale masanduku uliyatengeneza bandani, kila mtu anaona."

"Nitamwonyesha nini?" baba akamjibu. "Mninga uko Ulaya. Mwalimu yuko Ulaya. Karatasi sina. Na hao waliokuwa wanaona, si umewaona walivyokuja kuchukua vyao?"

Mama akainama, akaendelea kuyakinga maji.

Ijumaa iliyofuata adhana ilipoita, baba hakuvaa kanzu. Yeye aliyekuwa anafika msikitini kabla ya muadhini alisubiri wanaume wote wapite, barabara ikawa nyeupe, kisha akasogeza mkokoteni mpaka mlangoni. Alipoingia ndani alimkuta mama amekaa juu ya friza, miguu anaining'iniza kama mtoto, kitambaa cha maua amekishika mapajani.

"Shuka," baba akasema.

"Nakuomba," mama akasema. "Mimi nimekuomba mengi ya upuuzi. Hili si la upuuzi. Usinitupie kitu changu kama mwizi. Nakuomba, baba watoto."

Baba akamshika mkono akamshusha. Hakumvuta kwa nguvu, na mama hakushindana. Alikwenda kusimama ukutani na hakututazama tena.

Baba akaniambia nisukume. Tulipita njia ya mikoroshoni kwenda kwenye machimbo ya mchanga, yeye akivuta na mimi nikisukuma. Kule tulikuta wenzetu wameshatangulia. Shimoni kulikuwa na marobota ya vitambaa yamelowa, redio kubwa imelala kifudifudi, godoro, baiskeli ambayo bado ina karatasi la dukani. Mali za watu, na hakuna mtu. Nilikuwa mtoto lakini nilielewa kwamba vitu vile si vya wezi wote. Vingine vilikuwa vya watu kama sisi. Baba aliinua vipini vya mkokoteni, friza ikabiringika, mfuniko ukafunguka, na harufu ya ukwaju ikapanda mpaka tulipokuwa tumesimama. Baba alijifuta uso kwa mkono wa shati akasema turudi.

Hazikupita siku nyingi wakaja. Askari wawili na mgambo, wametembea kwa miguu kutoka upande wa Pangani, hii ya hapa hapa Kibaha, viatu vyote vumbi. Baba alikuwa bandani. Alisimama, randa bado ameishika. Askari mkubwa akavua kofia, akamsalimu baba kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee. Tumetembea na jua hili tangu asubuhi. Tumeambiwa kwa balozi huwa hapakosi maji ya baridi."

Mama ndiye aliyetoka jikoni. Aliwachotea maji ya mtungini kwenye kata, akampa kila mmoja kwa zamu. Wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Mama alimtazama baba mara moja tu, kisha akarudi kwenye chungu chake.

Nilikwenda machimboni baadaye. Friza haikuwepo. Sijui aliyeichukua alikuwa mtu shujaa au mtu asiye na redio.

Mambo yalitulia miaka ile ilipopita, mjane wa nyumba ya kona akarudi kutania, na mwenye mashine akaja mwenyewe kusema waya upo, balozi, ukipata nyingine. Leo pale kwetu kila kibanda cha barabarani kina friza na watu wananunua maji baridi huku wanaongea na simu, hawajuani. Wale wa ukindu wote wameshatangulia mbele ya haki. Wala sidhani kama ingerudi, hata wangekuwepo. Watu wakishaogopana mara moja, salamu zinarudi, kicheko kinarudi, lakini mtu hakuachii tena nyama yake.

Ila kilichoisha zaidi kilikuwa ndani mwetu. Mama hakugombana na baba hata siku moja. Alimpikia, alimfulia, alimwitikia. Ila hakumwomba tena kitu. Chumvi ikiisha, anakwenda mwenyewe kukopa. Paa likivuja, anasogeza kitanda. Baba alimtengenezea kabati ambalo hakuagizwa, akamletea khanga, akafuga kuku wekundu mpaka wakajaa uani. Mama alisema ahsante kwa kila kimoja. Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, baba alikuwa anakaa kwenye kigoda kando ya kitanda na kumwambia, "Mama watoto, nitume. Nitume popote." Naye anajibu taratibu kabisa, "Sina haja, baba watoto. Kapumzike."

Baba aliishi miaka mingi baada yake. Kila nilipokwenda kumwona, tukishasalimiana na kuzungumza ya shamba, alikuwa ananiuliza kama mama hakuniachia neno la kumpa. Nilikuwa namjibu hakuna, kwa sababu kweli halikuwepo.