Nilichomoa Kompyuta ya Mume Wangu Siku ya Posa

Nimekosa mie, na sina wa kumsingizia. Jina langu sitaji, maana hapa Tabata kuna watu mpaka leo wakikaa sebuleni kwangu wanatazama kwanza dari, ndiyo wanavuta kiti. Lakini jambo hili limenikaa rohoni mno, bora niliseme nipumue.

Baba watoto wangu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha nguo. Kiwanda kikauzwa, watu wakapunguzwa, na yeye akiwemo. Wenzake waliondoka na majora ya vitenge. Yeye karudi na nini? Kibao! Kibao cha kijani, ukubwa wa sinia la chai, kimeokotwa kwenye vyuma chakavu, nyaya zimetoka nje kama utumbo wa kuku.

"Kompyuta hiyo, mke wangu," akaniambia, anameremeta. "Ilikuwa inaendesha mashine ya kutia rangi. Kompyuta nzima imo humo kwenye kibao kimoja. Wamesema imepitwa na wakati."

"Si wamesema kweli? Kompyuta gani haina kioo?"

"Kioo cha nini? Kwani inataka kujitazama?"

Basi akaipigilia ukutani sebuleni, palipo na soketi. Akaiunga na pampu ya tangi la chini uani, na pipa lililo juu ya dari. Maji ya huku mnayajua, yanakuja yakijisikia. Yakija yanajaza tangi la chini. Pipa la juu likipungua, kibao kinawasha pampu. Likijaa, kinazima. Hakuna wa kukikumbusha, na tarakimu zake nyekundu zinawaka usiku na mchana. Majirani wanakimbizana na ndoo, mie nafungua bomba.

Mnadhani nilishukuru? Thubutu! Mwenyewe alikiita Bi Mdogo. "Bi Mkubwa lala tu, Bi Mdogo yuko macho." Nilikuwaga nachukia huo utani!

Tena niseme ukweli, nilikuwa naona haya. Sebule yangu makochi yana vitambaa, redio ina kitambaa, kabati lina kitambaa, vyote nimefuma kwa mkono wangu. Halafu ukutani lile dude, uchi! Mgeni akiuliza nasema ni la fundi, kalisahau.

Sasa mdogo wangu Zai, niliyemlea mwenyewe tangu mama yetu afariki, akapata mchumba. Kijana wa Temeke, kwao wana maduka. Zai alimpenda yule kijana mpaka chakula hakipiti. Tukaletewa habari kwamba wazee wanakuja na posa Jumapili alasiri.

Jamani, hapo ndipo shetani alipovuta mkeka akakaa.

Nilianza na mume wangu. Nikamtuma Manzese akatafute kipuri cha redio, nikamwambia asirudi bila hicho kipuri. Huku nyuma kwa wageni nikapeleka habari kwamba mwenye nyumba yuko Arusha kikazi, atakayewapokea ni baba yetu mdogo. Wangeniuliza mumeo anafanya kazi gani, ningesema nini? Anakaa nyumbani anatazama kibao?

Kisha nikaenda kwa jirani yangu Mama Aziza. Mumewe anatoa mizigo bandarini, na alikuwa kaleta kompyuta mpya ya kisasa, kioo kama televisheni. Pale kwao hakuna aliyejua kuitumia, wanaifuta vumbi tu. Nikamwomba aniazime mpaka wageni waondoke. Tukaibeba mie na Zai, nikaifunika kitambaa changu cha waridi, kile cha siku kuu.

Soketi sasa! Sebule nzima ina moja, na Bi Mdogo kaikalia.

"Dada, usiiguse," Zai akaniambia. "Shemeji akirudi atakasirika."

"Shemeji yako yuko Arusha!" nikamjibu.

Nikamng'oa Bi Mdogo ukutani, nikamsukumia chini ya kitanda changu. Waya wa pampu nikauchomeka moja kwa moja kwenye soketi ya jikoni, ili wageni wasikose maji ya kunawa. Nikajisemea pipa likijaa nitazima mwenyewe. Mie huyu, ninayeunguza maharage nikipiga soga!

Wageni wakaingia, shikamoo, marahaba, karibuni. Mkubwa wao mjomba wa kijana, mzee wa kanzu na kofia nyeupe pee, na shangazi mtu kajaa kochi zima. Kompyuta inawaka, kiooni nyota zinakuja, zinakuja. Mjomba akaikazia macho.

"Hii inafanya kazi gani, mwanangu?"

"Aa, mambo mengi, mjomba."

"Kama yapi?"

"Kama hizo nyota."

Akazitazama kwa muda. "Zinakwenda wapi?"

"Mbele," nikajibu. Wallahi ndivyo nilivyojibu.

Baba mdogo akakohoa, mazungumzo yakaanza. Mjomba akasema wamekuja kuomba udugu. Nilikuwa nimejishaua pale, pampu hata siikumbuki. Tone likaanguka kwenye kofia yake. Akaigusa. Likaanguka la pili.

"Joto hili," nikasema.

Dari ikavimba mbele ya macho yetu. Shangazi akaita, "Yarabi!" na pale pale likashuka ziwa zima, na vipande vya dari, na panya mmoja wa watu. Mjomba kaloa mpaka ndevu. Kompyuta ya Mama Aziza ikapiga paa, ikatoa moshi, nyota zikaishia hapo. Nikakimbilia jikoni kuchomoa pampu, nimechelewa.

Narudi sebuleni, nani kasimama mlangoni? Mume wangu, na kipuri chake mkononi. Hakunitazama mie wala wageni. Alitazama ukutani.

"Bi Mdogo yuko wapi?"

"Chini ya kitanda," nikajibu.

"Astaghafirullah!" shangazi akashika kifua. "Mke mwenzio umemficha chini ya kitanda?"

Mjomba akajikamua kofia. "Na wewe bwana ni nani?"

"Mie ndiye mwenye nyumba, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mwenye nyumba si yuko Arusha?"

Chumbani namsikia Zai analia kwa sauti. Posa yake naiona inaondoka na maji, na aliyeimwaga mie. Mume wangu akageuka akanitazama mara moja tu, akaelewa yote. Nikangoja aniumbue. Alikuwa na haki.

"Ndiyo nafika sasa hivi, mzee," akasema. "Mniwie radhi, safari ilikuwa ndefu."

Akaingia chumbani, akamtoa Bi Mdogo, akamfuta vumbi kwa kitambaa changu cha waridi, akamrudisha ukutani. Tarakimu nyekundu zikawaka kama hakuna kilichotokea. Mjomba, kanzu imemganda mwilini, akasogea karibu. Akauliza hiki nini na kile nini, mara wamechuchumaa wote wawili. Mwisho akasema, "Kwangu pipa linamwagika kila mara. Unaweza kunifungia na mie dude hili?"

Posa ikapita. Zai ameolewa, ana raha zake Temeke.

Mie ndiye niliyelipa. Mama Aziza nilimpa friji langu kufidia kompyuta yake, na sasa nikitaka maji ya baridi naenda kugonga kwake. Lakini hilo si lililoniuma. Asubuhi yake nilipomwomba mume wangu msamaha, aliniambia, "Bi Mdogo umemchomoa jana. Mie ulinichomoa siku niliyotoka kiwandani." Nililia, jamani. Kwa sababu ni kweli.

Nyie mnaokimbilia vipya enzi hizi za ruksa, tazameni kwanza kile kinachowafanyia kazi kimya kimya. Msikionee haya kwa kuwa hakina kioo. Na mume akipunguzwa kiwandani, mkewe asimpunguze tena nyumbani!

Sasa hivi mume wangu anaokoteza vibao hivyo vilivyotupwa, anawafungia watu mapipa yao mpaka Kigamboni. Mgeni akija namtambulisha kwa kinywa kipana: huyu ndiye mume wangu, fundi, na ile pale ukutani ni kazi yake. Naye humpa mgeni mkono, akanitazama kwa pembe ya jicho, akasema, "Karibu sana. Nimerudi juzi tu kutoka Arusha."