Sarafu za Kyungu

Huku kwetu Kongo sarafu zilishakwisha zamani. Siku hizi tunalipana kwa noti tupu, hata ukinunua ndimu mbili, tena noti zilizochoka mpaka hazijulikani rangi. Kwa hiyo ni Kigoma, nikivuka ziwa kwenda kufuata vitenge vyangu vya biashara, ndiko mtu hunitilia chenji ya chuma mkononi. Naifumbata, natembea nayo juani, na nikifumbua kiganja nakuta harufu ile. Mnaijua: harufu ya shaba iliyolowa jasho, kali kidogo, inayofika mpaka kwenye meno. Wenzangu hujifuta mikono na kuendelea na safari zao. Mimi hunusa kwanza. Nikinusa narudi Kalemie, kwenye nyumba zetu za reli, chumba cha Mama, chini ya kitanda, mwaka niliokuwa na miaka kumi na akili ya kuku.

Chini ya kitanda kile palikuwa na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kipande cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na sarafu za zamani ambazo hazikununua kitu tena. Kulikuwa na senti kubwa za tundu katikati kutoka ng'ambo, zilizoletwa na watu wa meli. Kulikuwa na falanga za Wabelgiji zenye nyota, na ile ya pembe sita yenye tembo, ambayo niliipenda kuliko zote. Kulikuwa na ya mkungu wa ndizi pia, kutoka siku zile Katanga ilipojitenga, na Mama aliniambia nisiitoe mbele ya watu nisiowajua. Kila sarafu ilikuwa na mwenzake. Kumi na moja, na wenzake kumi na moja. Nilipozimwaga mkekani mara ya kwanza nilizipanga mbili mbili bila hata kufikiri, nikasema moyoni kwamba Mama wangu anapenda vitu vyake viwe sawasawa.

Hapa ni lazima niwaambie jina langu. Naitwa Kabange. Kwa Waluba mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, wala hakuna anayewauliza wazazi wanapenda jina gani. Ndiyo maana popote nilipojitaja, mtu aliniuliza, "Na Kyungu iko wapi?" Nami nilijibu nilivyofundishwa: "Alirudi." Kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Alirudi, basi. Haliliwi, hawekewi matanga, kwa sababu wazee walisema ukimlilia aliyerudi, aliyebaki atamfuata. Ndugu yangu alirudi kabla ya kumaliza mwezi, na walimlaza kwenye udongo wa maji kando ya mto Lukuga, maana desturi haitaki pacha alale pakavu. Hayo yote niliyajua nilivyojua hesabu ya mara mbili: nimeyakariri tu, sijawahi kuyafikiria.

Sasa mwaka ule mwalimu wetu, ambaye amri ya wakati ule ilitutaka tumwite Sitwayeni, yaani raia, na si Bwana, aliamua darasa letu liwe na makumbusho yake. Kila mtoto alete kitu cha kwao, akipange vizuri, wazazi waje kutazama siku ya kufunga shule. Kitakachopangwa vizuri kuliko vyote kitakaa katikati ya meza. Jamani, katikati ya meza! Mimi niliyekuwa nikikaa dawati la nyuma, ninayeitwa tu wakati wa kufagia. Nilikimbia nyumbani na neno hilo moja kichwani.

Nilimkuta Mama uani akichambua dagaa kwenye ungo. Nilipomwomba kopo, vidole vyake vilisimama. Kuku akapata nafasi ya kudokoa dagaa wawili na yeye hakumfukuza.

"Kamata," alisema mwishoni. "Lakini sikia muzuri, Kabange. Zitoke vile ziko, zirudi vile ziko."

"Ndiyo, Mama."

Ndiyo yangu ilitoka haraka mno. Ningeuliza kwa nini, labda angeniambia, labda asingeniambia. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya meza.

Kuzipanga kulinitesa wiki nzima. Kwanza nilizitia ndani ya chupa nyeupe. Zilipiga kelele nzuri ukitikisa, lakini zilionekana zile za pembeni tu na tembo wangu akazama chini. Nikajaribu kuzitunga kwenye uzi. Zile za tundu zilitungika vizuri kabisa, zisizo na tundu zikabaki zinanitazama. Nikashona mifuko midogo kwenye kitambaa, nikajichoma vidole, na mwisho wa kushona kote huko hakuna aliyeweza kuona sarafu hata moja. Nilizisugua pia, kwa majivu na ndimu, jinsi tunavyosugua sufuria, zikang'aa mpaka nikajiona fundi. Papa hakuwepo wa kunishauri. Alikuwa akifanya kazi kwenye treni, na juma lile alikuwa Kabalo.

Sitwayeni ndiye aliyenipa njia. Alinionyesha vipepeo wake, wamebandikwa kwenye karatasi ngumu chini ya kioo, na kila kipepeo yuko peke yake.

"Mukusanyaji wa kweli anaweka kila aina moja," alisema. "Kurudiarudia ni kwa wauza nyanya."

Sitamlaumu mwalimu yule. Alisema la shule, na kwa vipepeo alikuwa sahihi. Nilikata katoni ya sabuni, nikatoboa matundu kumi na moja kwa wembe, kila moja kwa kipimo cha sarafu yake, nikabandika katoni nyingine nyuma kwa uji wa muhogo. Zilikaa, tembo juu kabisa, ndizi pembeni kidogo kwa usalama. Zilipendeza sana. Kilichobaki ni kioo.

Mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya njia, Papa Ramazani, fundi wa mapaa, alikuwa akimwezekea Mama Sifa nyumba yake mpya. Mama Sifa alikuwa mjane mwenye watoto watano, na nyumba ile alikuwa ameingojea muda mrefu. Nilimwona fundi chini ya ngazi akikata sandali kuukuu za mpira vipande vidogovidogo, anyanyue macho, atukane kidogo, akate tena. Msumari wa paa hutaka kitu chini ya kichwa chake, kibati au mpira, la sivyo maji hupita tunduni. Vibati hivyo, ambavyo yeye aliviita rondele, vilikuwa vimekosekana Kalemie nzima. Na ukutani, miguuni pake, palikuwa pameegemea kipande cha kioo.

Nilimwonyesha sarafu za ziada, nikauliza kama atanipa kioo. Aliokota ile ya tundu, akaipitisha msumari, akacheka peke yake.

"Ee! Mutoto, hizi haziko falanga tena. Hizi njo rondele! Mama yako anajua?"

"Anajua," nilisema.

Nilisema hivyo. Zisizo na tundu alizitoboa palepale, akiziweka juu ya jiwe na kupiga msumari mara mbili, tatu. Niliona tembo akitobolewa ubavuni. Nikajiambia haidhuru, mwenzake ninaye.

Siku ya wazazi kazi yangu ilikaa katikati ya meza. Mama alikuja na kitenge chake cha kutokea, kile cha Krismasi, akasimama mbele ya kioo. Nilingoja anisifu. Niliona midomo yake ikienda polepole, anahesabu, anafika kumi na moja, anarudia. Halafu aliniuliza, kwa sauti ndogo sana:

"Na zingine?"

"Niliacha moja moja, Mama. Zilikuwa zinarudiana. Zingine Papa Ramazani amepigilia paa."

Aliweka kiganja kinywani. Aligeuka, akapita katikati ya wazazi wenzake bila kumwamkia mtu, akaenda nyumbani. Nilimfuata na kazi yangu kwapani, na njia nzima nilingoja fimbo. Hakunipiga. Laiti angenipiga! Aliwasha moto, akasonga bukari, ugali wetu, akaninawisha mikono mimi mtoto wa miaka kumi kana kwamba ni mgeni, na siku mbili hakusema na mtu yeyote.

Papa ndiye aliyenieleza, treni ilipomrudisha. Alinikalisha kwenye kizingiti, bado ana vumbi la safari kwenye nyusi.

"Mulipozaliwa watu walikuja kuwaimbia," alisema. "Mwenye kusalimia mapacha anatupa falanga mara mbili. Ukitupa moja, umetukana mwenzake. Basi walitupa, moja ya Kyungu, moja ya Kabange. Kyungu aliporudi, walimukataza mama yako kulia. Hakulia. Hata nguo yake hawakumuachia, waliizika naye. Alibaki na kopo ile tu."

Nilikimbia ng'ambo ya njia bila viatu. Papa Ramazani alikuwa akikusanya vyombo vyake. Paa lilikuwa limekwisha jana yake. Nilimshika suruali, nikalia kwa sauti, nikamwambia kweli yote: kwamba Mama hakujua, kwamba nilidanganya, kwamba zile ni za Kyungu. Mtu yule angeweza kunifukuza. Badala yake alisimamisha tena ngazi, akachomeka nyundo kiunoni, akaanza kupanda.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Watoto wa Mama Sifa, ambao walikuwa wamehamia asubuhi ileile, walikuwa ndani wakirukaruka kwenye sakafu mpya. Mama alivuka njia, dagaa bado wamemshika vidoleni, akasimama chini ya ngazi akitazama juu. Kwa pale chini zilionekana, misumari yenye duara pana kuliko mingine, imejipanga kwenye ukingo wa chini.

"Papa Ramazani, zote ziko kule?"

"Zote, Mama Kabange. Nazitoa sasa hivi. Nitatia raba mahali pake. Unisamehe, mutoto aliniambia unajua."

Mama aliendelea kutazama. Mvua iliongezeka, ikaanza kulia juu ya mabati, na wale watoto ndani wakapiga kelele za furaha kwa kuwa hawakulowa.

"Shuka," alisema Mama. "Ziache."

"Mama..."

"Shuka, Papa Ramazani. Miaka kumi mutoto wangu analala kwenye maji. Leo amepata nyumba."

Hakuna aliyekuwa amemsikia akisema hivyo. Mutoto wangu! Wazee wangemkemea. Fundi alishuka polepole, akavua kofia yake, akasimama nayo mkononi na mvua inampiga kichwani. Mama alinishika bega, akanivusha njia. Uso wake ulikuwa umelowa wote, na sisi sote tulikuwa tumelowa, kwa hiyo hakuna mzee yeyote ambaye angeweza kumshitaki.

Kesho yake tulikaa pamoja mkekani tukaifungua kazi yangu. Mama mwenyewe ndiye aliyeshika wembe. Kando ya kila sarafu alikata tundu la pili, la kipimo kilekile, tukaliacha wazi. Tulirudisha kioo, na Papa akaining'iniza ukutani, ukuta unaotazama dirisha, na dirisha linatazama kwa Mama Sifa. Wageni walioingia waliuliza ni mtoto gani aliyepoteza nusu ya falanga. Mama aliwaambia, "Hazikupotea," akawaletea chai.

Tangu hapo kila mvua iliponyesha, awe na kazi gani, Mama aliiacha na kwenda kusimama mlangoni. Alitazama ng'ambo ya njia kwa muda, halafu alisema, taratibu, kana kwamba anatupa habari ya kawaida ya jirani: "Kwake hakuvuji." Kisha alirudi kwenye dagaa wake. Nilikuwa mtoto, nilijua ni nani anayesemwa, lakini nilidhani ni neno la kunisamehe mimi, na nililipokea hivyo miaka mingi.

Mpaka nilipozaa mwenyewe. Wangu wa kwanza alikuwa ametumwa dukani, wingu likafunga, na tone la kwanza lilipogonga bati nilijikuta nimeshafika mlangoni, moto nimeuacha, sijui hata nilisimama saa ngapi. Mvua ikianza, mama huhesabu watoto wake. Hakuna anayemfundisha. Nikashika mwimo wa mlango ule, nikaona kwamba Mama wangu alikuwa akihesabu wawili tangu siku tulipozaliwa, na kwamba miaka kumi kila mvua ilimkuta na mmoja nje, na amekatazwa kumwita.

Mama naye amekwenda. Yeye tulimlilia, siku zote za matanga, wala hakuna aliyetukataza. Kile kioo kiko kwangu sasa, ukutani palepale. Mama Sifa alizeeka chini ya paa lile, nalo limepata kutu nyekundu kila mahali isipokuwa kwenye misumari kumi na mmoja ya ukingo wa chini. Kigoma wanaouza wananishangaa ninapowarudishia sarafu ya mia mbili na kuomba mbili za mia mia. Nawaambia ni desturi ya kwetu. Na mvua ikinyesha Kalemie naacha ninachofanya, nakwenda mlangoni, natazama. Wajukuu wa Mama huniuliza ninatazama nini.

"Kwa Kyungu," nawaambia. "Kwake hakuvuji."