Gauni Lililofukizwa

Katika kipindi kile ambacho kila ofisi niliyoiandikia iliahidi kunijulisha, ni vifurushi peke yake vilivyonijulisha. Simu iliniambia kifurushi kimetoka ghalani, kimepakiwa garini, dereva yuko mitaa michache kutoka kwangu. Nikasimama dirishani, ghorofa ya juu ya nyumba za halmashauri kule Tottenham, London, nikitazama maegesho chini, na kweli gari likatokea. Mtu ambaye hajawahi kungoja jibu kwa miezi huenda asielewe utamu wa jambo hilo. Kitu kilisemwa kitakuja, kikaja.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili. Tasnifu yangu ilihusu namna kaya zinavyobadili matumizi pale kipato kinaposhuka, na nilikuwa nimeahidiwa kuendelea na uzamivu, hadi siku msimamizi wangu aliponiita ofisini, akafunga mlango kwa upole uliozidi kiasi, akaniambia kwamba fungu la fedha limeondolewa. Nilirudi nyumbani kwa basi nikijiuliza ni nani aliyeliondoa, ameliweka wapi, na kwa nini nilimshukuru msimamizi kabla ya kutoka.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Viza yangu ya mwanafunzi ilikuwa inaelekea kwisha. Kabla haijaisha nilipaswa kuomba viza ya wahitimu, ambayo ingenipa muda wa kukaa na kutafuta kazi. Ombi lilikuwa na ada kubwa, na bila ada hakuna ombi. Ada hiyo nilikuwa nimeidunduliza kutokana na kazi ya mwisho wa wiki katika duka la vitabu. Ilikuwa imetimia. Ingekaa palepale ilipo, nisingekuwa na la kusimulia.

Sikuitumia, ndivyo nilivyojieleza wakati ule. Niliisafirisha. Unanunua gauni, unalivaa harusini jioni moja huku lebo yake imefichwa kwa pini upande wa ndani, karibu na kwapa, kisha unalirudisha dukani na pesa yako inarudi ilikotoka. Wengi wetu tulifanya hivyo. Harusi za watu wetu mjini hapa zilikuwa nyingi, na gauni likishaonekana kwenye simu za watu haliwezi kuonekana mara ya pili. Upande wa wanawake picha zilipigwa marufuku, na kila mwanamke alipiga.

Mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea, alinikuta siku hiyo nikifunga pini.

"Aki wewe," alisema. "Msomi wa matumizi ya kaya."

"Ni la kuazima tu."

"Umeliazima kwa nani?"

"Dukani."

"Na duka linajua?"

Niliendelea kufunga pini. Chini ya kitanda chake mwenyewe zilikuwepo mashine mbili za kukanda miguu, ya pili ikiwa imenunuliwa kwa sababu ya kwanza ilikuwa na rangi isiyompendeza. Zote mbili zilikuwa ndani ya maboksi, naye alirudi kazini kila siku akiburura miguu. Tulikuwa tumekubaliana, bila kusema, kwamba hakuna atakayemchunguza mwenzake sana.

Gauni lilikuwa la rangi ya zambarau iliyokolea, lenye ua la shanga kifuani. Nililiwazia kwa umakini ambao ungeifaa tasnifu. Niliwaza jasho, poda, rangi ya mdomo, mafuta ya biriani. Niliamua kula kwa kijiko, mkono mmoja ukiwa umekinga kifua. Sikuufikiria udi.

Sababu ya kutoufikiria ndiyo inayoendelea kunisumbua. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikiona nguo zikitandazwa juu ya tenga, chetezo chenye makaa na udi kikiwaka chini yake. Kwetu udi hauhesabiwi kuwa kitu kinachoongezwa kwenye nguo. Nguo isiyofukizwa ndiyo iliyopungukiwa. Akili yangu yote, iliyokagua kila doa linalowezekana, haikuweza kuuona moshi ule kuwa doa.

Aliyeshika chetezo harusini alikuwa mama mmoja wa Kizanzibari, mwenye kuishi nchi hii tangu ujana wake, ambaye sote tulimwita shangazi. Ukumbi ulikuwa na king'ora cha moshi kilichokwisha kumwaibisha mara moja, kwa hiyo alisimama penye mlango wa nyuma wa jikoni, mlango wazi, baridi ikiingia, chetezo cha umeme kikiwa sakafuni kwenye waya mrefu. Wanawake walipita kwake mmoja mmoja kabla ya kwenda kukaa.

Mbele yangu alikuwepo msichana wa Mombasa, mwanafunzi wa uhasibu niliyemfahamu kwa sura.

"Mie nina pumu, shangazi," alisema, akiweka kiganja kifuani.

"Pole, mwanangu. Pita, pita."

Nilimhurumia. Halafu zamu yangu ikafika.

"Panua miguu. Panua, wewe! Moshi hauumi." Shangazi alikamata pindo la gauni, akalitandaza juu ya chetezo kama mtu anayetega mvua, akalitikisa ili moshi upande hadi mabegani. "Ah! Sasa unanukia mtu wa kwao."

Nilifurahi. Lazima niliandike hilo pia. Kwa dakika chache, katika baridi ile, sikungoja jibu la mtu yeyote.

Asubuhi mwenzangu aliamka akakaa kitandani.

"Mbona chumba kinanukia harusi? Si harusi ilikuwa jana?"

Ndipo nilipoelewa. Nililining'iniza gauni dirishani, kwenye upepo wa Tottenham wenye harufu ya kuku wa kukaanga na moshi wa mabasi, nikitumaini kwamba harufu moja itaila nyingine. Nililifungia ndani ya mfuko na unga wa kahawa. Nilisoma habari za nyuzi za kutengenezwa kiwandani na jinsi zinavyoshika mafuta, nikasoma kupita kiasi, nikaanza kulinusa, kutoka nje kwenye ngazi, kurudi na kulinusa upya, mpaka nikashindwa kujua kama ninanusa gauni au ninanusa hofu yangu. Nikamwomba mwenzangu anisaidie.

"Nikuambie ukweli," aliuliza, "ama nikuambie ulale?"

Dukani mhudumu alikuwa msichana wa umri wangu. Alikagua lebo, akaridhika. Alikagua mishono, akaridhika. Kisha, alipokuwa akilikunja, mikono yake ikasita. Alilisogeza puani.

"Samahani," alisema. "Hili limevaliwa."

Nilikuwa nimeandaa maelezo juu ya hewa ya kabati na vitambaa vinavyohifadhiwa pamoja. Yalikuwa maelezo mazuri, yenye mpangilio. Niliyaanza, nikayasikia, nikayaacha katikati. Alinirudishia gauni kwa adabu, na kwa jinsi alivyokwepa macho yangu nilishuku kwamba naye kwake kuna pini.

Nilipogeuka, nyuma yangu kwenye foleni alikuwa yule msichana wa Mombasa, mfuko mkononi. Tulitazamana.

"Pumu yako inaendeleaje?" nilimwuliza.

"Nashukuru," alisema. "Hunishika harusini tu."

Lake lilipokelewa bila neno. Alinikuta nje, nimeegemea kioo cha duka, nikipanga na kupangua siku zilizobaki. Nilimweleza kwa ufupi: pesa hii ni ya viza, na bila pesa hii sitoi ombi. Nilitarajia anipe pole. Badala yake alichungulia ndani ya mfuko wangu.

"Shoga, niuzie mie."

"Limeingia udi. Hutaweza kulirudisha."

"Nani kasema nalirudisha? Nimechoka kuvaa nguo nimebana mkono kama nina jipu. Nyumba hapa sitanunua, gari sitanunua, kazi yenyewe wanataka niifanye bure kwanza ndio wanione. Basi hata gauni lisiwe langu?"

Hoja za kumpinga nilijua zipo. Nilikuwa nimeziandika, na zikapewa alama nzuri. Alinitumia pesa palepale kwa simu, chini kidogo ya bei ya duka. Pengo lililobaki nililiziba kwa kuuza koti la baridi, baridi ikiwa bado haijaisha. Ombi likaenda kabla ya tarehe, nami nikarudi kwenye hali ninayoifahamu: kungoja kujulishwa.

Wiki kadhaa baadaye kulikuwa na harusi nyingine, upande wa Kenton, katika ukumbi wa kukodi. Nilivaa gauni langu la kijani, langu kweli, lisilo na pini popote. Njiani nilikumbuka mmoja mmoja watu waliokwisha kuniona nalo. Shangazi alikuwa mlangoni na chetezo chake, na msichana wa Mombasa, ndani ya zambarau, safari hii alijipeleka mwenyewe.

Shangazi aliinama, akashika pindo, akasita. Akainuka polepole, akaweka pua begani mwa msichana.

"Huu udi wangu."

"Shangazi, udi wote si..."

"Udi wote nini? Huu nimeupika mie, nimeutia zabadi, na London nzima hakuna mwengine anayetia zabadi. Wewe si una pumu?"

"Imepona, shangazi."

"Imepona wapi?"

"Dukani."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko, na shangazi akanigeukia mimi. "Gauni hili nililifukiza likiwa mwilini mwako."

Habari ndogo kuliko hiyo imewahi kufika Tanga kabla mwenyewe hajarudi nyumbani kwake. Nilimwona mawazoni mama yangu akiulizwa sokoni kama mwanawe amefikia kuuza nguo.

"Nimemwuzia, shangazi," nilisema. "Nilihitaji ada ya viza."

"Umelipa?"

"Nimelipa. Jibu bado."

"Haya, njoo. Panua miguu." Alinifukiza muda mrefu kuliko wenzangu, akiwa amekunja uso. "Na hili la lini?"

"La Idi, shangazi."

"Idi ipi?"

Walicheka tena, nami nikacheka nao, na moshi ukiwa unanipanda mgongoni simu ikatikisika ndani ya mkoba. Nilidhani ni kifurushi. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimeagiza chochote. Nilisoma sentensi ya kwanza, nikairudia, nikatafuta neno lenye kuigeuza maana. Halikuwepo. Nilikuwa nimekubaliwa kukaa.

Nilimwonyesha msichana wa Mombasa kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga kigelegele, wengine wakakipokea wakidhani bibi harusi ameingia, na ukumbi mzima ukasimama kuutazama mlango usiokuwa na mtu. Shangazi alipopewa habari alinishika shavu kwa vidole vyenye joto la chetezo.

"Picha!" mtu aliita. "Njooni nyote, jukwaani!"

Walinivuta mbele. Simu ziliinuliwa, na nilichofikiria, nikiwa na ruhusa ya kukaa katika mji mzima mkononi, ni Idi ile na picha zake. Nilirudi nyuma hatua moja, nikasimama nyuma ya bega la zambarau, mahali ambapo kijani hakingeonekana.