Unga wa Alhamisi Kuu

Mwaka mzima maandazi ya Adrienne huumuka vizuri hata wauzaji wenzake wa soko la Kikula, mjini Likasi, Kongo, humtania kwamba anayapuliza kwa mdomo. Ila ikifika Alhamisi Kuu, siku Wakristo wanapokumbuka karamu ya mwisho ya Bwana, huyapika bapa, magumu kidogo, wala hayauzi. Akiulizwa nyumbani, hujibu kwamba hamira imelala. Mwaka wa kwanza uongo huo ulipita. Kufikia mwaka wa tano, hata kuku wa jirani hawakuuamini.

Ukweli ulikuwa mwingine. Mwaka wa 1993, akiwa na miaka kumi na saba, Adrienne alikaa majuma matatu katika gare, stesheni ya treni ya Likasi, pamoja na mama yake, Albertine. Babu zake walitoka Kasai kuja Katanga kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapahapa Likasi, na Kasai aliijua kwa nyimbo tu. Lakini miaka ile watu wa asili ya Kasai walifukuzwa na Wakatanga wenyeji, wakawa wanalala stesheni kungoja treni. Siku treni ilipoingia, Albertine alikuwa anakanda unga juu ya sanduku la nguo. Nani angengoja uumuke? Aliukaanga hivyohivyo kwenye jiko la mbabula, makaa yakiwa yanazima, wakaula ndani ya behewa. Adrienne huapa kwamba hajaonja tena kitu kitamu kama kile, na siku ile alikuwa analia. Kumbukumbu haina adabu.

Albertine alifia Mwene-Ditu, huko Kasai, mwaka uliofuata. Binti yake alirudi Likasi baadaye, ameolewa, bila hata picha moja ya mama. Alibaki na yale maandazi tu.

Kisha mwaka mmoja katekista Théophile akawafundisha waumini kwamba Bwana Yesu alikuwa Myahudi, na meza ile ya Alhamisi ilikuwa ya Pasaka ya Wayahudi, ukumbusho wa usiku walipotoka Misri mbiombio, wamebeba unga usioumuka. Mkate huo bapa ndio alioumega akasema ni mwili wake, na ndiyo sababu hostia haina hamira. Adrienne alishika benchi kwa mikono miwili. Amekomunika miaka yote hiyo, kumbe mama yake alikuwa karibu naye hivyo! Tangu hapo ndipo alipoanza kupika maandazi bapa kila Alhamisi Kuu.

Kwa nini basi hakusimulia nyumbani? Kwa ajili ya Princesse, mke wa mwanawe David, Mkatanga kwa baba na kwa mama, binti mwenye moyo safi. Hadithi ya Misri haikosi Farao, na Adrienne hakutaka kumvika mkwe wake kofia hiyo.

Mwaka huu Princesse alimwonea huruma. Alinunua hamira mpya, akaitia kwenye unga alfajiri bila kusema neno. Adrienne alipofunua beseni, unga ulikuwa umefura mpaka ukingoni.

"Weye uliweka nini mu bunga?"

"Levire ya mupya, mama. Ile yako kila mwaka inakatala leo."

Adrienne akaketi kwenye kigoda, akalia waziwazi. Princesse akapiga magoti, akiomba msamaha wa kosa asilolijua. Hapo mama mkwe hakuwa na pa kujificha tena. Alimsimulia yote, hata majirani waliokuwa wakiimba kwa shangwe walipowaona wanapita na mizigo.

Princesse aliinuka. Alichota unga mwingine, akatia maji na chumvi, akakanda. Katikati mikono ikasimama.

"Mama, baba yangu aliingia mu ile nyumba yetu ya Shituru mu nonante-trois, ule mwaka wenu wa treni. Minye nilizaliwa mule. Nilikuwa naulizaka, nani alikala mule mbele ya siye kuingia? Banakatala kusema."

Adrienne aliuchukua ule unga, akaukata. Mafuta yalikuwa yamepata moto. Alikaanga andazi la kwanza, akaliacha lipoe, akalimega na kumpa mkwe wake kipande kikubwa.

"Kula. Sasa unayua juu ya nini tunakulaka hivi."

Wakala pamoja, Princesse akijipangusa machozi kwa kitenge.

"Mwaka kesho," akasema, "tuite na baba yangu."

Adrienne alitafuna taratibu, akameza.

"Akuye, akule na siye," akasema.