Pampu za Bi Harusi

Dadangu mkubwa aliponitaka nifiche pampu za pumu za binti yangu mpaka harusi ipite, ilinipasa kukataa. Nilikubali, tena mbele ya bi harusi mwenyewe.

"Wakwe wakiziona watasema tumewapa mgonjwa," alisema dadangu. "Na hiyo pumu akiolewa itamtoka."

"Ikitoka pamoja na roho je, shangazi?"

"Nyamaza wewe! Bi harusi hana mdomo."

Nikazifungia kabatini mwangu: ya buluu ya kumfungua kifua akibanwa, na ya kahawia aliyovuta kila siku hata akiwa mzima. Hii ya pili niliiona mazoea tu.

Akawekwa ndani wiki kadhaa, akilala juu ya godoro kuukuu la usufi la marehemu mamangu, kwa baraka. Siku ya kufukizwa udi akafunikwa kanga juu ya chetezo. Alipoanza kukoroma kifua, wanawake wakadhani analia kilio cha bi harusi. Wakazidisha vigelegele! Mpaka alipoitupa kanga, midomo imemgeuka rangi, ndipo nilipoitwa, nikakimbilia kabati.

Tuktuk ilitutoa Kisauni hadi hospitali, yeye akivuta ile ya buluu, mimi nikisoma kila dua niijuayo. Wallahi, alipotengenea nililia.

Daktari, msichana mdogo, akanikalisha. Kumbe mwili wa binti yangu si dhaifu! Umeona utitiri, vijidudu vya vumbi la godoro visivyoonekana kwa macho, ukawadhania adui, ukatengeneza kingamwili dhidi yao. Kingamwili hizo hujibandika juu ya seli za kinga zilizo kifuani, zikangoja. Utitiri ukizigusa tu, seli hizo zinamwaga kemikali: mirija inavimba, misuli inajikaza, makohozi yanajaa. Kisha seli nyingine huitwa, nazo huendeleza uvimbe kwa siku nyingi. Pampu ya kahawia ndiyo inayozituliza hizo. Tena moshi wa udi ulikuta mirija imekwisha kuvimba.

"Ndiyo maana huvutwa kila siku!" nikapaza sauti.

"Ndiyo, baba. Lakini hapa kuna wagonjwa."

Umri wangu wote sikuwahi kufurahia somo namna ile. Nikamwendea binti yangu kitandani, nikamweleza yote, mikono ikiruka, kingamwili huku, seli kule. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, haya nilikueleza tangu niko shule. Ulikuwa ukisema, 'Naam, naam,' huku wasikiliza redio."

Aliolewa, na mumewe hakujali pampu hata kidogo. Alipobanwa tena akiwa mjamzito, alilazwa siku kadhaa, na mimi niliambiwa na jirani. Nilipomuuliza mbona hakuniita, alinijibu kwa adabu kwamba hakutaka kunisumbua. Mpaka leo huja sikukuu, hunipa shikamoo, hunipikia. Lakini akiugua haniiti. Kukubali kule kumenigharimu imani ya mwanangu, na hajanirudishia.