Mkoba Uliobaki Msumarini

Katika mtaa wa Isevya palikuwa na mkoba mmoja ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyependa kuuona ukitoka nje. Ulikuwa wa turubai, rangi ya udongo, nao ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa Bi Asmahani. Ndani mlikuwa na kafuri, pamba, sabuni, glavu, kanga safi na mkasi. Bi Asmahani alikuwa mwosha maiti wa wanawake, na kwa kuwa kifo hakipigi hodi, mkoba wake ulikaa tayari daima. Leo angeitwa Isikizya, kesho Urambo, keshokutwa kijiji ambacho hakikuwa na mwanamke wa Kiislamu aijuaye kazi ile. Angelala hukohuko, akarudi siku ya pili akiwa na macho mekundu, akaujaza mkoba upya kabla hata hajanywa chai.

Kazi hiyo aliirithi kwa bibi yake, naye bibi aliirithi kwa waliomtangulia, tangu zama za misafara, wanawake wa wapagazi walipokuwa wakianguka njiani kwenda Ujiji, mbali na kwao. "Maiti wa njiani ni ndugu wa aliyemkuta," bibi alikuwa akisema, na Bi Asmahani hakuhitaji fundisho lingine.

Watu walimheshimu, ila kwa mbali. Watoto walivuka barabara wakiuona mkoba. Wakubwa walijifariji kwa utani.

"Bi Asmahani," Mwanajuma muuza vitumbua angemwita, "leo wapita na mkoba, au wapita salama?"

"Naenda sokoni, mwanangu."

"Haya, karibu kitumbua basi. Ungekuwa nao, wallahi ningefunika karai nikakimbia."

Wangecheka wote wawili. Asiyecheka alikuwa Nawal, binti yake wa pekee, aliyekulia chini ya msumari ule. Shuleni wenzake walimwita Mtoto wa Kafuri, wakakataa kukaa naye dawati moja. Alipokua aliolewa na Murtadha, mwenye duka la pembejeo katika kijiji cha wakulima wa tumbaku, mbele ya Urambo. Alipopata ujauzito wa kwanza alikuja kumtazama mama yake, akakaa akiupa mlango mgongo.

"Mama, siku yangu ikifika utakuja?"

"Nisipokuja mimi aje nani?"

"Basi usije na ule." Hakugeuka kuuonyesha. "Mara moja tu, njoo kama mama za watu."

"Sitakuja nao, mwanangu. Na nitakusuka, maana mzazi hakai timutimu."

Kesho yake Bi Asmahani alinunua mkoba mpya, wenye maua mekundu na zipu ya kung'aa, hata Mwanajuma akamwuliza kama anaolewa. Hakutia kitu ndani. Nyumbani kwao mtoto ambaye hajazaliwa hafungiwi mzigo; mgeni hatandikiwi kitanda kabla hajafika. Mila hiyo ina huruma yake. Imewaepusha wanawake wengi na adhabu ya kukunja upya nguo ambazo hazikuvaliwa. Mkoba wa maua ukakaa chini ya kitanda, mtupu, ukingoja.

Simu ya Murtadha ilikuja Ijumaa mchana, mapema kuliko wote walivyotarajia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema, baba."

"Nawal ameshikwa na uchungu. Tuko hapa kituo cha afya. Wanasema tulivyoleta havitoshi. Wanataka glavu nyingine, na pamba, na mpira wa kulalia. Duka la dawa la huku limefungwa. Na mama... anatokwa na damu kidogo."

Bi Asmahani alimwita jirani yake Shaban, mwenye gari la kukodi, kisha akauburuta mkoba wa maua kutoka uvunguni. Alitia doti mpya ya kanga, sabuni ya mtoto, kofia ndogo ya sufu, chupa ya chai, kitana na mafuta ya nazi. Mikono yake ilifunga haraka kwa sababu ilizoea kufunga haraka. Ilipofika zamu ya glavu na pamba, ikasita.

Vyote vilikuwa hapo, nyuma ya mlango, vipya, havijafunguliwa. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Lakini vilikuwa vimelala na kafuri, na harufu yake ilikuwa imepenya hadi kwenye karatasi. Ampelekee mwanawe kitu kutoka mkoba ule, siku ile? Aliurudisha mkono, akatoka kwenda duka la dawa la Thabit.

Duka lilikuwa limefungwa. Ilikuwa saa ya Ijumaa, na mtaa mzima ulikuwa msikitini; kila mlango wa biashara, wa Waarabu na wa wengineo, ulikuwa umeshushwa. Bi Asmahani alisimama barazani akiisikiliza hotuba kwenye kipaza sauti, maneno mazuri juu ya subira. Shaban alikuja na gari akazima injini.

"Bi mkubwa, twende tu. Tutanunua Urambo."

"Tukikosa?"

"Kwani nyumbani kwako hamna? Mwenye duka la vitu hivyo mtaa huu ni wewe."

"Hivyo si vya kuzaliwa, Shaban."

Shaban alishuka, akaegemea gari. Wakangoja hadi Thabit aliporudi, kanzu ikipepea, akiomba radhi na kutafuta ufunguo.

Nchi hii imewazoesha wanawake wake kwenda kuzaa kama waendao vitani, kila mmoja na silaha zake. Wanaambiwa waje na glavu, nao huja nazo. Wanaambiwa waje na wembe, na uzi, na beseni, nao huja navyo, wamevifunga kwa adabu ndani ya kanga, wasije wakafokewa mbele za watu. Bi Asmahani alifika kituoni alasiri na kila kilichotakiwa kilikuwemo. Damu tu ndiyo haifungiki mkobani.

Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike, mdogo kama njiwa, anapumua. Muuguzi Ng'washi, aliyekuwa peke yake zamu nzima, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, gauni lake limelowa hadi magotini.

"Mama, nimeita gari la wagonjwa mpaka sauti imekauka. Limewekwa juu ya mawe, linasubiri tairi. Nyinyi mna gari?"

"Tunalo."

"Basi mnyanyueni sasa hivi. Mngefika mapema kidogo..." Aliukata msemo wake katikati, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, lakini Bi Asmahani alikuwa ameshausikia wote.

Mtoto alibaki na mama yake Murtadha, naye Murtadha akakaa mbele na Shaban. Kwenye kiti cha nyuma Nawal alilaza kichwa mapajani mwa mama yake. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alifumbua macho, akayashusha polepole kwenye kitu kilichowekwa miguuni.

"Mama. Mkoba gani huo?"

"Mpya."

"Una maua?"

"Una maua, mwanangu. Umeona?"

"Umependeza," Nawal alisema. "Ule mwingine?"

"Nimeuacha msumarini."

Nawal akatabasamu, akafumba macho.

Hospitali waliyoifikia ilikuwa na daktari, ilikuwa na taa, na jokofu la damu lililokuwa tupu. Murtadha alitoa mkono wake. Damu yake haikuafikiana. Bi Asmahani akatoa wake, ikaafikiana. Alilala akiitazama damu yake ikishuka katika mrija, akiihimiza kimoyomoyo kama mtu anavyomhimiza ng'ombe mzito. Mfuko haujafika nusu, daktari kijana alitoka chumba cha pili, akasimama mbele yake, akashindwa kuanza. Bi Asmahani alikuwa amewaona watu wengi wakishindwa kuanza hivyohivyo, vizingitini mwa nyumba nyingi. Akamsaidia.

"Innalillahi," alisema. "Chomoa sindano, baba."

Asubuhi maiti ilikuwa nyumbani kwa Murtadha kijijini. Wanawake walijaa uani, na wote walijua kwamba hapo hapakuwa na mwosha mwingine. Ubao uliletwa. Bafta nyeupe ya sanda ilinunuliwa. Shaban, ambaye hakuwa amelala, alimjia Bi Asmahani, akachuchumaa mbele yake.

"Bi mkubwa, pole. Niufuate mkoba Isevya? Nitaendesha mbio, adhuhuri haijafika nitakuwa nimerudi."

Bi Asmahani aliutazama mkoba wa maua. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwosha mtoto wa mtu bila kafuri, na sasa angemwosha wake.

"Usiende," alisema. "Aliniomba nisije nao."

"Lakini bi mkubwa, utamwoshea nini?"

"Nimekuja na vyake."

Aliwaomba wanawake wakachume majani ya mkunazi, wayaponde katika maji. Kisha aliuvuta mkoba wa maua, akaifungua zipu. Alitandika juu ya ubao mpira ambao Nawal alikuwa aulalie. Alivaa glavu za duka la Thabit, zile zilizomgharimu hotuba nzima. Alitumia pamba ileile na sabuni ya mtoto. Doti aliikata: upande mmoja akamsitiri nao mwanawe wakati akimwosha, wa pili akampa mama yake Murtadha amfunge mtoto, aliyekuwa akilia chumba cha jirani kwa sauti nyembamba isiyokoma.

Hakuna aliyemsikia Bi Asmahani akilia. Walimsikia akiongea, kwa sauti ya mtu anayeogesha mtoto polepole: geuka mama, haya, upande huu sasa, tumemaliza.

Mwisho zilibaki nywele. Alichukua kitana na mafuta ya nazi, akapiga magoti kichwani pa ubao. Nywele za maiti wa kike husukwa mikia mitatu, zikalazwa nyuma, naye alikuwa amezisuka hivyo kwa wanawake asiowajua idadi yao, upesi, kwa mikono iliyozoea. Safari hii alisuka taratibu. Mwanamke mmoja alimwinamia, akamnong'oneza kwamba wanaume wameshafika na jeneza, wanauliza kama tayari.

"Waambie wangoje," Bi Asmahani alisema. "Nilimwahidi."